Msichome vitu vya marehemu wa TB kabla hamjapata karatasi zake

Kaka yangu mkubwa alifariki kwa kifua kikuu, na familia ilipokaa kikao wakasema mambo yake niyafunge mimi, kwasababu mimi ndo nilikuwa naongea nae karibu kila siku na ndo nilikuwa najua makaratasi yake anaweka wapi. Pale kikaoni kila mtu alikuwa anafikiria benki, madeni, cheti cha kifo na laini ya simu, na hayo yote yapo kweli na yanachosha. Lakini mtu akifa kwa ugonjwa wa kuambukiza ule ugonjwa nao unaingia kwenye mirathi. Kuna watu walikuwa wanavuta hewa moja nae miezi yote ile, na hao nao ni jambo lake ambalo hakuwahi kulifunga. Nimeona niandike kwasababu najua kuna mtu sasaivi yuko kwenye hali hiyo hiyo na ndugu wamemzunguka wakimuuliza kiberiti kiko wapi.

Maana kitu cha kwanza kilikuwa kuchoma. Tumetoka kuzika, hata hatujakaa, tayari imeshaamuliwa kwamba godoro, nguo, mashuka, vyombo, mabegi, kila kitu cha chumbani kwake kinaenda motoni. Baba mdogo alisimama mlangoni ameziba pua na kitambaa, hataki kuingia, anaelekeza tu kwa kidole, hicho toeni, na hicho. Alafu akaona zile fulana zake nyeupe zina mabaka ya rangi ya chungwa kwapani na shingoni, na foronya hivo hivo, akasema mnaona damu hiyo, huyu mtu alikuwa anatoka damu mpaka kwenye ngozi, chomeni upesi.

Haikuwa damu. Ni dawa. Kwenye vidonge vya TB kuna dawa inaitwa rifampisini na hiyo inageuza mkojo, jasho mpaka machozi kuwa na rangi ya chungwa au wekundu wekundu, na rangi hiyo haina madhara yoyote, nesi huwa anamwambia mgonjwa siku anaanza dozi ili asije akashtuka akaacha. Kaka alinisimulia kwenye simu siku alipoona mkojo wake umebadilika. Nikamwambia baba mdogo, baba, hii ni rangi ya dawa, ni alama kwamba alikuwa anameza. Alinyamaza, nadhani alikuwa na hofu tu na hofu yake ilikuwa imechanganyika na uchungu, na mimi simlaumu hata kidogo, alimpenda sana Kaka.

Kwa wale wasiojua, TB inasambaa kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akiimba au hata akiongea, vinatoka vichembe vidogo sana vyenye vimelea, vinaelea, na kwenye chumba kisicho na hewa vinaweza kukaa hewani masaa kadhaa. Huipati kwa kushika shuka lake, kuvaa shati lake, kunywea kikombe chake au kumpa mkono. Kwahiyo kazi ya chumba ni kufungua madirisha na mlango, hewa ipite vizuri, jua liingie kwasababu mwanga wa jua unaua hivo vimelea, alafu unafua nguo kwa sabuni kama nguo nyingine na unazianika juani. Chombo alichokuwa anatemea makohozi, hicho ndo kifunikwe vizuri na ukiulizie kituo cha afya wanataka kitupwe vipi. Sisi godoro tulilitoa juani na mashuka yakafuliwa, basi.

Ila nisieleweke kwamba magonjwa yote ndo hivo. Mtu akifariki kwa Ebola au Marburg usiguse mwili wala shuka wala chochote, waite watu wa afya wenye vifaa, kwasababu mwili wa marehemu wenyewe unaambukiza vibaya mno, na kwenye ule mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 mpaka 2016 uliochukua watu zaidi ya 11,000, kuosha na kugusa maiti ni moja ya njia zilizousambaza sana. Kipindupindu pia, mashuka yaliyochafuka yanataka klorini. Homa ya ini aina ya B, virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwahiyo nyembe, mswaki, sindano na vile vya kutobolea kidole kupima sukari, hivyo hapewi mtu. Ndo maana swali la kwanza kabisa kumuuliza daktari kabla hujaingia chumbani ni kwamba huu ugonjwa aliokufa nao unakaa kwenye nini, hewa, damu, kinyesi, au maji maji ya mwili, na jibu lake ndo linakwambia ufanye nini na vitu. Sio majirani, sio group la WhatsApp la familia.

Sasa nirudi kwenye lile rundo lililokuwa limeshatolewa nje. Kulikuwa na koti lake zito, la kijivu, zipu imeharibika, ndo alikuwa analivaa akienda kliniki kwasababu siku za mwisho alikuwa anasikia baridi hata jua likiwa kali. Nikapapasa mifuko. Mfuko wa ndani kulikuwa na kadi yake ya matibabu imekunjwa mara mbili, pembeni imelowa jasho ikakauka, na ndani ya kadi kuna kipande cha karatasi cha majibu ya makohozi. Kwa maoni yangu ile karatasi ilikuwa na thamani kuliko kitu chochote alichoacha, na dakika chache zaidi ingekuwa majivu.

Nieleze kwanini. Makohozi yakipimwa kwenye ile mashine ya GeneXpert majibu yanakuwa na sehemu mbili: kwanza kama vimelea vya TB vipo, na pili kama vimekuwa sugu kwa rifampisini. Ya Kaka ilisema vipo na si sugu. Kwake yeye haikusaidia, alianza dawa akiwa amechelewa na mwili umeshaisha. Lakini kwa mke wake na mtoto wake na mama yetu aliyekuwa anamuuguza, ndo karatasi inayomwambia daktari wawakinge kwa dawa gani. Kama ingekuwa TB sugu, dawa za kinga za kawaida zisingetegemewa, kuna mpango mwingine tofauti. Bila karatasi daktari anaweza kutafuta kwenye rejista, sawa, lakini kama marehemu alipimwa mji mwingine, au jina limeandikwa vingine, unaweza kuzunguka mpaka uchoke na huku mtoto anasubiri.

Na mtoto ndo aliyenifanya nisilale. Ana miaka 3, alikuwa analala chumba kimoja na baba yake mpaka alipolazwa. Tulipofika kituo nikaonyesha kadi na ile karatasi, mhudumu wala hakuuliza maneno mengi, akaandika majina ya wote waliokuwa wanaishi ndani, akaanza kuuliza mmoja mmoja: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Mama akapigwa eksirei, wifi nae. Hawakukutwa na ugonjwa. Mtoto pia hakuwa na dalili yoyote, anakimbia kimbia pale kwenye benchi, alafu mhudumu anasema huyu ataanza dawa za kinga. Wifi akakataa. Akasema mtoto wangu mzima kabisa mnampa dawa za nini, mnataka watu waseme na yeye anayo?

Nilimwelewa. Ameshafiwa na mume, ameshaona jirani anamwita mwanae asije kucheza kwake, sasa anaambiwa mtoto nae abebe vidonge. Lakini TB ina tabia hiyo, inaweza kuingia mwilini ikalala kimya kama moto chini ya majivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa vimelea hivi, na wengi hawataugua maisha yao yote, ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ndo wanakuja kuugua. Shida ni kwamba wanaougua wengi wanaugua ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na watoto chini ya miaka 5 na watu wanaoishi na VVU ndo wako hatarini zaidi, na kwa mtoto mdogo inaweza kukimbilia kwenye ubongo. Dawa za kinga zipo za aina kadhaa, kuna isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, kuna ile ya mara moja kwa wiki kwa miezi 3, nyingine fupi zaidi, daktari anachagua kulingana na umri na uzito na dawa nyingine anazotumia mtu. Mhudumu alimweleza wifi hayo yote taratibu, hakumfokea, akamwonyesha kidonge chenyewe, akamwambia hiki sio cha ugonjwa mama, ni cha kuuzuia. Wifi alilia, alafu akachukua maji akampa mtoto palepale. Namshukuru sana yule mhudumu.

Kuna na wenzake wa kazini. Kaka alikuwa anafanya kazi ya kupasua mawe na wanalala wengi chumba kimoja. Hapa nilijiuliza sana, niwapigie niseme nini, maana ugonjwa wa marehemu ni siri yake na hata akifa siri hiyo haiishi. Mhudumu akaniambia wao wanaweza kuwafikia bila kutaja jina, wanawaambia tu kwamba wamekaa karibu na mtu aliyekuwa na TB, njooni mpimwe. Mimi nikatoa namba za msimamizi wao nikaishia hapo. Kama kituo chako kina utaratibu huo basi utumie, inakuondolea mzigo na inamlinda marehemu.

Kuhusu siri, angalieni sana cheti cha kifo. Kuna sehemu hutolewa cha aina mbili, chenye chanzo cha kifo na kisichokuwa nacho, kwahiyo ulizia ofisini kabla hujalipia. Benki, kampuni ya simu, mwenye nyumba, hao wanachotaka kujua ni kwamba amefariki, hawana sababu ya kujua alikufa na nini. Bima na madai ya kazini ndo wanahitaji chanzo. Kama unapoishi cheti ni kimoja tu basi onyesha palipo na ulazima na usikubali kisambazwe kwa picha. Kuna ndugu aliniandikia kwenye group nitume picha ya cheti ili kila mtu awe nayo, nikamjibu nitakuja nacho kwenye kikao mtakiona, nakala siachi. Kukawa na maneno. Lakini wifi bado kijana, mtoto atakwenda shule, na picha ikishaingia kwenye simu za watu 60 huwezi kuirudisha. Na lile faili la hospitali likiwa mikononi mwako usilisome kwa sauti mbele ya ukoo, mle ndani kuna vipimo vya mambo mengine kabisa ambayo marehemu hakuwahi kumwambia mtu, yabaki hivo.

Simu. Kila mtu atakwambia laini ya marehemu ifungwe haraka watu wasije kuitumia vibaya, na ni kweli mtu anaweza kuitumia vibaya, lakini ukiifunga mapema umejifungia mlango. Zile namba za uthibitisho zinazotumwa na benki, baruapepe, akaunti ya akiba ya kikundi, zote zinakuja kwenye laini ile ile. Mimi niliiweka simu yake imezimwa, imefungiwa kabatini kwa Mama, na na kituo cha afya niliwaachia namba yangu, maana mwanzo simu yake ndo walikuwa wanaipigia akikosa kliniki. Ilipofika hatua ya kudai pesa zilizokuwa kwenye simu na benki nikaenda na barua ya usimamizi wa mirathi na cheti. Namba yake ya siri naijua, aliniambia akiwa amelazwa nimtolee hela ya dawa, lakini siku alipofariki ruhusa ile iliisha, na sikuigusa tena hata pale tulipokuwa tumebanwa na gharama. Kutoa hela ya marehemu kwa namba yake ya siri hata kama nia ni nzuri, ndugu mmoja akiamua kukushtaki huna pa kusimama. Akaunti za mtandaoni nazo zina utaratibu wake, Facebook inaruhusu mtu akiwa hai ateue wa kusimamia ukurasa wake akifa, Google nao wana kitu hicho cha akaunti ikikaa kimya muda fulani. Kaka hakuwa ameweka, kwahiyo tumeacha ukurasa wake ulivyo, watu wanaendelea kumwandikia na Mama anapenda kusomewa.

Madeni nitapita haraka maana kila mtu anayajua. Waliodai bila maandishi niliwaandika wote kwenye daftari, jina, kiasi wanachosema, lini, nani alishuhudia, sikumbishia mtu na sikumlipa mtu. Madeni yanalipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana, hayalipwi kutoka mfukoni mwa dada yake. Na aliokuwa anawadai yeye pia waandikeni, maana hao hawaji wenyewe.

Kitu kilichonishtua ni dawa zilizobaki. Kulikuwa na pakiti za kutosha, na ndugu mmoja ambae amekohoa muda sasa akaniomba kimya kimya nimpe azimeze badala ya kwenda kupanga foleni. Nilikataa kabisa. Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi 6, dawa nne kwa pamoja miezi 2 ya kwanza alafu mbili miezi 4, sasa mtu anameza mabaki ya wiki chache, anapata nafuu, zinaisha, vimelea vilivyobaki ndo vinajifunza usugu na anakwenda kuwaambukiza wengine hiyo sugu. Nilizirudisha zote kituoni, wakaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa amefariki, na yule ndugu nikamsindikiza mwenyewe akatoe makohozi. Anaendelea vizuri.

Kuna jambo moja nilikuwa nimeliweka mwisho kwasababu bado liko mkononi. Wakati napanga makaratasi nikakuta bahasha kubwa ya picha za eksirei za Kaka, za miaka tofauti, na hizo pia zilikuwa za kuchomwa. Mfanyakazi mmoja wa chama cha kazini kwao Kaka aliponisikia nataja kupasua mawe akaniambia zitunze hizo picha kama roho yako. Vumbi la mawe lina madini yanaitwa silika, na silika ikikaa kwenye mapafu miaka mingi inayaharibu na kumfanya mtu apate TB kirahisi zaidi kuliko mwingine. Na kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ile iliyopitiwa 2010, kifua kikuu kimo, na ugonjwa wa vumbi la silika umo. Maana yake kama mtu aliugua kwa sababu ya kazi, iwe ni mgodini, kwenye mawe au ni mhudumu wa afya aliyeambukizwa wodini, inawezekana mjane na watoto wana haki ya fidia, kutegemea na sheria za pale mlipo. Mara nyingi kuna muda wa mwisho wa kudai, kwahiyo usisubiri mpaka mambo mengine yaishe. Kinachotakiwa ni ushahidi: eksirei za zamani, kadi za kliniki, vitambulisho vya kazi, hati za mishahara, na watu waliofanya kazi nae wanaoweza kusema alikaa pale tangu lini. Usimwambie mwajiri akutunzie nyaraka halisi hata akiomba kwa upole namna gani, mpe nakala.

Naomba mtu anayemuuguza ndugu wa namna hii sasaivi, mwenye kazi ya vumbi, amuulize angali anaongea: ulianza kazi mwaka gani, nani alikuwa msimamizi, mlipewa barakoa au hamkupewa, na picha zako za kifua ziko wapi. Mimi Kaka nilimuuliza baadhi ya hayo tukiwa tunapiga tu stori usiku wodini, nikayaandika kwenye simu yangu bila kujua yatakuja kutumika, na ndo yaliyojaza ukurasa wa kwanza wa fomu.

Fomu yenyewe imepokelewa. Wanataka barua ya daktari wa mapafu inayoeleza hizo eksirei zinaonyesha nini, na wenzake wawili wamekubali kuandika maelezo, mmoja wao alipokwenda kupimwa akakutwa nae na tatizo la vumbi kwa hiyo sasa wanadai wote. Barua nimeambiwa itakuwa tayari wiki ijayo, naenda na wifi kuifuata, na siku hiyo hiyo mtoto ana miadi ya kuchukua vidonge vyake vya mwezi.